Bibi Robi Aliyegeukia Ukuta

Nyangoto, Jumapili

Mama mwenye boma letu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Ringwani? Watoto wanakula vizuri? Wasikudanganye kwamba wameshachota maji wakati mtungi haujajaa, nawajua hao. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechoka.

Uliuliza kazi yangu hapa makao ya wazee. Ni kuosha, kulisha na kufua. Kisha Sista, msimamizi wetu, akaona kwamba kwaya zinazokuja kuimba zinawafurahisha wazee wachangamfu tu. Kila mfanyakazi akapewa mzee mmoja mpweke, awe anamtembelea peke yake mchana. Mimi nikapewa Bibi Robi, aliyelala amegeukia ukuta bila kumjibu mtu. Wenzangu walikuwa wamemchosha kwa kumuuliza mumewe yuko wapi, wanawe wako wapi. Mimi nilikaa tu kando yake na ungo wa ulezi, napepeta, siulizi kitu.

Siku moja nikamweleza ulivyonioa. "Bibi, mimi nimeolewa na mwanamke. Ni ile ndoa ya nyumba ntobhu."

Akageuka! Mama, nusura nimwage ulezi.

"Alitoa ng'ombe?"

"Alitoa. Zake mwenyewe."

"Basi wewe ni mke wa mtu. Unafanya nini huku?"

Nikainamia ungo, nikaendelea kupepeta. Kumbe naye alikuwa na mke, Mugesi, aliyemuoa, kama wewe ulivyonioa, kwa kukosa mtoto wa kiume. Uchimbaji wa dhahabu ulipopamba moto huku, Mugesi alichukua watoto akaenda kuponda mawe, akaahidi kurudi akipata. "Mwambie aje," Bibi akanituma. "Simdai kitu. Aje tu akae nami hapa."

Nilimkuta Mugesi kwenye makarasha, mashine zile za kusagia mawe, uso wote vumbi. Aliposikia akalia. "Nitaendaje mikono mitupu, dada? Ngoja nipate kidogo, hata blanketi." Nilimsihi sana, akakataa.

Nilipomletea jibu hilo, Bibi akaomba tugeuze kitanda atazame mlango. Alifariki Alhamisi akiutazama. Mugesi alifika jana na blanketi jipya, tumeshazika. Akakaa kwenye kile kitanda kitupu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Niliumia, Mama, na sikuweza hata kumlaumu. Kila unaponiita nyumbani, si nami nakujibu vilevile, ngoja nipate kidogo?

Wasalimie watoto wetu, na binamu yako wa Ikoma anayetuchungia ng'ombe. Msalimie na mwalimu wa kanisa anayekusomea barua hii, asome mpaka mwisho.

Nimeshamuaga Sista. Nikipata gari wiki hii, nakuja. Sina blanketi, sina hata sukari ya kukuletea, nakuja hivi nilivyo. Kama umelala umegeukia ukuta, Mama, geuka.

Mimi mkeo,
Bhoke