Mayai Yaliyofukuzwa Jikoni

Chumba cha kushonea,
Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mguu umepona, au bado ni kisingizio cha kutopanda ngazi? Sisi wazima. Wifi yako, yaani Mama, naye mzima, mdomo haujapoa.

Unajua tangu niolewe nasubiri mtoto, na siku zangu huja zikitaka, zisipotaka hupita miezi. Hofu yangu ilikuwa moja: kuitwa jina lile walilokuita wewe. Nikajikaza, nikaenda kliniki na Mama.

Daktari, mwanamke mcheshi, aliniuliza mpaka habari za ndevu. Nikakiri kwamba nazing'oa kwa kibano kabla mume hajaamka. Akapima homoni kwenye damu, akanipiga ultrasound, akahakikisha si ugonjwa mwingine, ndipo akasema: ovari zina vifuko vidogo vingi, homoni za kiume zimezidi, na mayai hayapevuki.

Mama alidaka neno moja tu. Tulipofika nyumbani, trei nzima ya mayai ikahamia kwa jirani! Mume wangu akawa anakunywa chai na mkate mkavu, ananitazama utadhani mimi ndiye kuku. Tuliporudi kliniki, daktari alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, nilisema mayai ya binti! Ya kuku mwache ale. Mnyime soda."

"Sasa si ungesema mapema ni ya nani," Mama akamjibu.

Habari njema ni kwamba mtoto naweza kupata. Kuna vidonge vya kuyasaidia mayai yapevuke, na natembea kila jioni. Ila hali hii huweza kuleta kisukari na presha, na damu ikikaa muda mrefu bila kutoka, ukuta wa mfuko wa uzazi huathirika. Kwa hiyo nitapimwa mara kwa mara.

Daktari aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Nikakutaja wewe, siku zako zilizokuwa zikipotea, na kidevu chako. Akasema huenda ni hali hiyohiyo, ila hakuna aliyewahi kukupima. Shangazi, nililia palepale. Ndugu wa ukoo walikuita tasa mezani kwetu, Baba akiwepo, huku wewe ukiwapakulia chakula.

Tafadhali kapime sukari na presha, hata kama hedhi imeshakoma.

Msalimie rafiki yako mpishi, na yule fundi saa anayejifanya amekuja kuazima chumvi. Mama na mume wangu wanakusalimu. Mungu akutunze.

Baba nimemsomea barua yote. Kasema salamu zake nisiziandike. Anakuja mwenyewe kukupeleka kliniki, na ana maneno anayotaka kukuambia wewe, dada yake, kwa mdomo wake.

Ni mimi nikupendaye sana,
Mwanao wa cherehani