Mlango Ulikuwa Wazi

Jeongeup, Jumanne

Dada yangu Mi-ran,

Hili sijamwambia mtu. Nilimwandikia Gyu-min kwamba sikwenda kumuaga alipokuwa anaingia jeshini kwa sababu Bibi alinifungia mlango. Si kweli. Mlango ulikuwa wazi.

Hapa hatujambo. Kabichi ya kimchi imeanza kuchachuka mtungini, na paka wa jirani analalia koti lako la shule.

Bibi alimpenda Gyu-min mpaka alipomuuliza, "Wewe ni wa akina Pyo wa wapi?" Alipojibu "wa Sinchang," chimbuko la ukoo wetu sisi pia, Bibi akaenda kuleta kitabu cha ukoo. "Huyu ni ndugu yako! Hata vipite vizazi ishirini, damu ni damu." Siku hizi sheria inaruhusu watu wa ukoo mmoja kuoana. Bibi haruhusu.

Siku ya kumuaga tulikaa sakafuni, tunakata mizizi ya chipukizi za soya huku tunatazama tamthilia. Mama wa kijana akamfukuza msichana. Bibi akalia kwa kwikwi, akaipigia kelele televisheni: "We mama, una roho ya jiwe! Si uwaache waoane!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, mbona macho makavu hivyo?"

Nikatazama saa. Basi lake lilikuwa halijaondoka bado, na viatu vyangu vilikuwa pale mlangoni. Nikachukua chipukizi nyingine, nikakata.

Gyu-min atakuandikia kutoka kambini, atakuuliza. Tafadhali, Dada, mwambie mlango ulikuwa umefungwa.

Mdogo wako,
Seul-gi