Punje ya Hindi kwenye Ncha ya Mtutu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Hii ni mara ya kwanza nakuamkia bila kumpitia mtu. Miaka yote sita niliyokuwa mkweo, shikamoo zangu alizibeba binti yako Skolastika, na marahaba zako akazirudisha yeye huyohuyo, nadhani akizipunguza njiani kama mtu aliyetumwa sukari. Sasa umelala kule nyuma ya kanisa, masika mbili zimekupitia juu, na nimefikiri sana nikaona mila inakataza macho na mdomo tu. Barua haikutajwa.

Nilikujua kwa miguu. Kwetu Mbeya aibu ya ukwe ni kali, nikadhani nikioa Ufipa nitapumzika. Sikupumzika. Nikikuona unatoka kisimani nilitoka njiani, nikapanda kwenye matuta ya watu na kusimama nikiangalia upande wa Zambia kama askari wa mpaka, mpaka nisikie nyayo zako zimepita. Ulikuwa unaburuta kidogo mguu wa kushoto. Mara moja ulisimama katikati, ukakaa kimya muda mrefu, halafu ukaendelea. Skola aliniambia baadaye kwamba ulikuwa unacheka.

Lakini nakuandikia kuhusu bunduki.

Unakumbuka ule mwaka tulipohamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa mistari kama wanafunzi? Watu wote tulihama. Nguruwe pori hawakuhamishwa na mtu. Walibaki palepale msituni, nasi tukawaletea shamba la kijiji hadi mlangoni. Mahindi yalipoanza kubeba wakawa wanaingia alfajiri, familia nzima, wanavunja mstari baada ya mstari. Ulezi wako ulikuwa pembeni kabisa, na nyumba yako ilikuwa ya mwisho.

Wilayani wakatupatia bunduki moja ya marisau, vile vipunje vya risasi vinavyotoka kwa pamoja, kuukuu, na kiboksi kidogo cha risasi. Mwenyekiti akauliza kwenye mkutano nani anajua kupiga. Mimi nilikuwa nimepitia mgambo na katika maisha yangu nilikuwa nimefyatua risasi sita. Nikanyoosha mkono. Nilinyoosha kwa sababu ulikuwa umekaa upande wa akina mama, na mwanamume anapenda jina lake lisikike mbele ya ukoo wa mkewe.

Bunduki ilikuja bila kile kipele cha kulengea kwenye ncha ya mtutu. Tundu lake lilikuwa limebaki tupu. Skola alikuwa na bangili ya shaba iliyokatika. Nikachukua kipande, nikakigonga, nikakisugua na mchanga, nikakisimamisha kwenye tundu. Kikawa kikubwa kama punje ya hindi, kinang'aa hata jua likiwa halijachomoza vizuri. Watu walikuja kukitazama. Nilivimba kichwa siku mbili.

Nguruwe wa kwanza nilimlenga kwa hatua thelathini. Udongo uliruka mbele ya miguu yake na yeye akakimbia. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hakukimbia. Alinitazama, akamaliza hindi lake, akaondoka.

Nilisema risasi zimepata unyevu. Watu walisema bunduki imefungwa kwa dawa. Mzee mmoja wa mstari wa juu, ambaye mwenyewe hajawahi kushika hata manati, akaeleza kwamba bunduki haifungwi na mtu wa mbali. Hufungwa na mtu wa karibu na mpigaji. Hakutaja jina. Aliacha tu watu wahesabu. Mpigaji ni mgeni kutoka Mbeya, hana ndugu hapa. Wa karibu naye ni mkewe na mama wa mkewe, na mama wa mkewe ni mjane, anakaa nyumba ya mwisho, karibu na msitu ambako nguruwe wanatoka.

Kufikia Jumatano wanawake walikuwa wanasubiri utoke kisimani ndipo waende wao. Mwenyekiti, mtu wa amani, akatangaza kwamba Jumamosi lori la wilaya likija litarudi na bunduki Sumbawanga, na kwamba wazee wameomba aitwe mtu wa kupiga ramli. Sote tulijua ramli ingeangukia mlango gani. Na sote tulijua mjane aliyeangukiwa na ramli huishi vipi baadaye, kama anaishi.

Hapa ndipo pananiuma, mama. Mimi nilinyamaza. Moyoni nilijua hakuna aliyefunga kitu, lakini yale maneno yalikuwa yananisitiri. Mtu akikosa shabaha kwa uchawi haambiwi hajui kupiga. Niliacha jina lako libebe aibu ya mkono wangu, siku tatu nzima.

Siku ya Alhamisi nilikuwa nimekaa uani kwangu nikisafisha mtutu, na wewe ulikuwa ng'ambo ya ua wa matete unatwanga na Skola. Nikageuka kuelekea Zambia, kama kawaida. Mlikuwa mnaongea Kifipa. Halafu mchi ukasimama, wewe ukaanza kusema na kinu, na ukasema nacho Kiswahili, kile cha darasa la ngumbaru la watu wazima, neno moja moja. Nikajua hapo kwamba mwenye kuambiwa si kinu.

"Wewe kinu," ulisema, "mimi ni mtoto wa mfua chuma. Bangili ile niliitoa ikae mkononi mwa mwanangu. Sasa naiona inakaa puani mwa bunduki."

Skola akakohoa. Ukaendelea kutwanga mara mbili, ukasimama tena.

"Pua ikiwa ndefu, mwenye nayo akitaka kuona mbele anafanya nini? Anainamisha uso. Na akiinamisha uso, anatema mate miguuni kwake. Kinu, umesikia?"

Kinu hakikujibu. Mimi nilikuwa nimeacha kusafisha mtutu zamani. Niliuinua, nikaweka shavu kwenye kitako, nikakitafuta kile kipele changu kizuri. Kilisimama juu mno. Ili kikae sawa na jicho, ilibidi niushushe mtutu, na kila siku nilikuwa naushusha bila kujua. Nilijisikia kama mtu aliyetafuta kofia kijiji kizima huku ameivaa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamwomba aje na yule mzee wa mstari wa juu. Nilipaka gunia udongo mweupe ule mnaopakia kuta, nikachora alama ya mkaa katikati, nikalitundika kwenye miti miwili. Hatua thelathini, bunduki nimeilaza juu ya kisiki ili mkono wangu usisingiziwe. Nikafyatua. Marisau yakakusanyika shubiri na nusu chini ya mkaa, yote pamoja, kama kuku wamemwagiwa mtama.

Nikatoa tupa, nikapunguza shaba kidogo. Nikafyatua tena. Yakapanda, lakini bado nusu shubiri chini. Nikasugua tena, taratibu, kwa maana shaba iliyoondoka hairudi, mpaka punje ya hindi ikawa punje ya ulezi. Mara ya tatu mkaa haukuonekana kwa matundu.

Mzee akaliendea gunia, akalipapasa matundu, akauliza ni nani basi aliyekuwa ameifunga.

"Mimi," nikasema. "Na kamba ndiyo hii." Nikamwekea unga wa shaba kiganjani. "Aliyeifungua ni mama mkwe wangu."

Alinitazama kama yule nguruwe wa tatu. Lakini hakuondoka, alikaa kwenye kisiki, akaomba aonyeshwe tena. Nilikataa kwa sababu zilibaki risasi mbili.

Jumamosi alfajiri ilitosha moja. Lori lilipofika, watu walikuwa wanagawana nyama, na mwenyekiti akampa dereva kipande badala ya bunduki. Bega nikampa Skola akuletee. Alirudi na ujumbe wako: "Mwambie marisau nimeyakuta begani pale pale. Aache tupa sasa."

Nikataka kukuletea jogoo wa kuondoa aibu ya ukwe, tuzungumze kama watu. Ukakataa. Ukamwambia Skola kwamba tukianza kuzungumza tutagombana, na kwamba kinu kinatosha. Jogoo ukamchukua.

Bunduki bado ipo, na yule mzee ndiye anayewafundisha vijana habari ya kipele, kana kwamba alizaliwa nacho. Nyumba ya mwisho tunakaa sisi. Wanawake wanapita hapo kwenda kisimani, na wakichoka wanapumzika kibarazani.

Skola alijifungua miezi mitatu iliyopita. Ni msichana, tumempa jina lako. Wote wanaokuja kumwona wanasema ni wewe mtupu: paji la uso, masikio, na ile namna ya kunyamaza kabla ya kucheka. Mimi sina ushahidi wa kuwapinga, maana miguu ndiyo niliyoijua. Basi asubuhi namweka mapajani, pale karibu na kinu chako, namtazama usoni mpaka Skola anauliza kama sina kazi.

Kumbe ndivyo ulivyokuwa, mama. Asante.

Ni mimi mkweo, niliyeacha kuangalia Zambia.