Yaya Feli, Kaye Niliitoa Mimi

Mpendwa Yaya Feli, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Amani ya Bwana ikufikie huko uliko. Barua hii nakuandikia mbele ya watu wote, kwa sababu jina lako lilichafuka mbele ya watu wote.

Unakumbuka Jumamosi zetu. Asubuhi ulitupanga kwenye uwanja wa parokia, sisi kadeti wa kundi la huduma, mashati yamenyooshwa kwa pasi ya makaa. Ukiita "Garde à vous", miguu yote inapiga chini pamoja. Baada ya paredi tuligawana ndoo na mafagio, wawili wawili, tukaenda kwa wazee wasio na mtu. Ni wewe uliyetaka kila mzee asalimiwe kwa lugha ya kwao. Ulisema Kiswahili chetu kinatosha sokoni, lakini mgonjwa analia kwa lugha ya mama yake. Ukanipa kaye, lile daftari la majani ya bluu, nikaandika jina la mzee, avenue yake, namba ya nyumba, na lugha. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko masomo yangu, na nilijivunia ile kaye kupita kiasi.

Kwa Mamu Ntumba, yule mama wa Kasai asiyeweza kutembea, nilijaribu salamu ya kwao, "Moyo, mamu." Alicheka mpaka akashika mbavu. Akakuambia, "Huyu mutoto anasalimia sawa padri mwenye anashuka ndege leo." Nyumbani wiki nzima uliniita Monpère, kama anavyoitwa padri, hata mbele ya Mama.

Kisha nchi ikaharibika. Kazi zilikufa, na watu wakaambiwa kwamba wenye asili ya Kasai ndio waliozila, warudi kwao, hata waliozaliwa hapa Lubumbashi. Vijana walifunga vitambaa vyekundu kichwani wakazunguka mitaani. Siku ile ulikuwa umekwenda kwenye gare na uji wa familia zilizongoja treni. Sajenti wetu Donati akaja nyumbani. Alinipigia saluti mlangoni, akasema kaye inahitajika kwa ajili ya huduma. Kitambaa chekundu kilikuwa kinachungulia mfukoni mwake. Nilikiona, Yaya. Lakini tulifundishwa kwamba kadeti hamuulizi sajenti wake sababu. Nilisimama wima, nikampa.

Mchana vijana wale walipita, kaye mkononi, bila kuuliza njia. Waliingia hata kwa wazee ambao majirani hawakujua asili yao. Nyumba ya mzee wetu Baba Kabeya iling'olewa mabati naye akiwa ndani, amekaa kitandani. Ulirudi mbio ukaniuliza, "Kaye iko wapi?" Nilipokuambia, nilingoja kofi. Ulikaa ukavaa viatu vya paredi, ukafunga kamba polepole, halafu ukasema, "Weye ujinyamazie. Bakiuliza, ni mie njo nilimupatia."

Ulikusanya kadeti waliokubali kuja, hatukufika hata kumi. Mamu Ntumba ulimbeba mwenyewe mgongoni, sisi tukishika wengine mikono, nawe ukihesabu hatua kwa sauti kama uwanjani. Vijana walikutukana, walisema kadeti gani huyu anakuwa punda wa Wakasai. Lakini walitupisha. Kwenye gare ukapanda naye behewani, maana hakuwa na wa kumbeba mbele ya safari. Ulisema utarudi baada ya wiki mbili. Homa ilikuchukua njiani. Mamu Ntumba alifika.

Hapa parokiani walisema ulitoa kaye, kisha ukambeba yule mama kulipa dhambi yako. Mama yetu alikufa akiamini hivyo. Mimi nilikaa kando ya kitanda chake nikisali rozari, na sikumwambia. Nilijifariji kwamba ninakutii. Ilikuwa woga, Yaya. Nimeungama kwa padri, na najua Mungu amenisikia. Lakini padri hakuweza kukurudishia jina, kwa sababu mdomo wake umefungwa na siri ya kitubio. Wangu haukufungwa.

Mwaka huu kundi la huduma limeanzishwa tena. Kwenye mkutano, mtu mmoja alipendekeza picha yako itundikwe ukumbini. Mama mmoja akasema, kwa upole tu, kwamba haifai, kwa sababu ya kaye. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa safu ya pili.

Jumatatu nilikwenda kwa Béa, binti wa Mamu Ntumba, aliyerudi hapa na anauza vitenge. Nikamwambia yote, pamoja na kile kitambaa. Aliendelea kukunja vitenge vyake, kimoja, cha pili, cha tatu. Sikuomba msamaha mara mbili, niliogopa kumsumbua. Nikamwambia pia kwamba Jumapili barua hii itasomwa baada ya misa, nami nitasimama inaposomwa. Nilipoaga ndipo Béa aliponiangalia.

"Miaka yote niko namuombea yaya yako, Mungu amusamehe," akasema. "Sasa nitabadirisha tu jina."

Pumzika, Yaya wangu.

Ni mimi, mdogo wako uliyemkinga.