Chanjo ya Baba Kwenye Kiti cha Meno

Kerizel, Bretagne,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Soizic,

Pokea salamu za kila mtu huku nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Na theluji ya Montréal, imeshaanza kuwafungia ndani wewe na Réal? Sisi tu wazima. Mvua haijakata wiki nzima na upepo umeezua banda la chaza upande mmoja, lakini hakuna aliyeumia. Nimeacha vyombo kwenye sinki nikaja kukuandikia, maana nina habari ambayo nikikaa nayo mpaka kesho nitapasuka.

Kwanza mtoto. Maden wa kaka Tanguy anaongezeka uzito, na mashavu yameanza kujaa. Unajua alivyozaliwa kabla ya wakati, mdogo kama mkate, na mapafu yake bado hayana nguvu. Walipomtoa hospitali, wauguzi walimwambia wifi yangu Perrine kwamba kila atakayembeba awe amechanjwa kifaduro na mafua makali. Sote tukaenda kuchanjwa. Sote isipokuwa kaka yako.

Najua Baba alikwambia kwenye simu kwamba amekuwa na kazi nyingi. Hakuwa na kazi yoyote, Shangazi. Alikuwa amenuna. Alimwambia Perrine, "Mimi nimelea wawili bila sindano na wote wana meno na akili." Perrine naye akamjibu pale pale, "Baba Goulven, nakuheshimu sana. Lakini bila chanjo, mwanangu utamwona dirishani tu." Basi ikawa hivyo kweli. Baba alikuwa akipita na gari lake la chaza, anasimama nje ya kioo, anapunga mkono, anaondoka. Chakula cha Jumapili kikafa. Tanguy akawa hataki hata kulizungumza jambo hilo. Mimi nilikuwa kati yao, nachapwa na pande zote mbili.

Sasa sikia habari yangu mwenyewe. Unakumbuka daktari wetu alistaafu na hajapatikana mwingine. Mwaka huu duka la dawa nalo likafungwa. Kwa hiyo mwenye koti jeupe aliyebaki Kerizel nzima ni mimi na koleo zangu! Niliposikia kwamba sisi madaktari wa meno tunaruhusiwa kuchanja, nilijiandikisha kwenye mafunzo siku hiyohiyo. Nimekuwa nikichoma fizi miaka kumi na mitano, lakini bega la mtu lilinirudisha kuwa mwanafunzi. Nikanunua jokofu la chanjo, nikabandika tangazo mlangoni, nikangoja.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Wa kwanza alikuwa Bi Léontine, yule muuza chapati za ngano nyeusi. Nikamwambia, "Haya, Bibi, tuko tayari." Akafumbua mdomo mpaka nikaona koo lote.

"Mdomo funga, Bibi. Nataka mkono."

"Mkono wa nini? Una meno mkononi?"

Rozenn, msaidizi wangu, alitoka nje kwenda kucheka. Lakini Bi Léontine alichanjwa, na kesho yake alikuwa akiwaambia wateja wake wote kwamba hakusikia chochote, na kwamba nimemsafishia meno papo hapo. Watu wakaanza kuja. Mtu anakuja kuzibwa jino, anaondoka amekingwa mafua. Shangazi, sijawahi kuipenda kazi yangu namna hii.

Siku chache baadaye Baba akaja amejishika shavu. Jino la nyuma lilikuwa limepasuka. Akalala kitini, nikamuuliza kama kawaida kama nimchome ganzi, naye akajibu kama kawaida, "Ganzi ni ya watalii. Fanya kazi." Unajua anavyojisifu kwa hilo. Tangu nifungue kliniki sijawahi kumchoma ganzi hata mara moja, nami nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba baba yangu ni chuma.

Nilimaliza jino. Jasho lilikuwa limemlowesha shati. Kabla sijakiinua kiti, akaniuliza polepole, macho yameelekea dari, "Mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

"Rozenn yuko wapi?"

"Mapokezi. Baba, kuna nini?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo sidhani kama hata wewe, dada yake, unalijua. Alipokwenda jeshini akiwa kijana waliwapanga mstari, vifua wazi, wakachomwa sindano mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu yake akaanguka chini kama gunia la viazi, mbele ya kikosi kizima. Mpaka anamaliza jeshi walikuwa wakimwita Bibi Harusi. Tangu siku hiyo hajakubali sindano ya aina yoyote, ya mkononi wala ya fizi. Kumbe chuma changu kilikuwa kikivumilia mashine ya meno bila ganzi kwa kuogopa kuzimia!

"Sikatai chanjo," akasema. "Namtaka mtoto yule mpaka silali. Lakini nikianguka mbele ya Perrine na Tanguy, nitauweka wapi uso wangu?"

Nilitaka kulia, nikashindwa, maana jibu lilikuwa chini yake palepale. Nikamwambia, "Baba, hebu jiangalie. Utaanguka uende wapi? Umeshalala!"

Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akakitazama kiti kama ndiyo kwanza anakiona. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile chake cha kukohoakohoa, mpaka taa ikatikisika. "Basi fanya upesi," akasema, "kabla sijapata akili."

Nilimuuliza maswali yote yanayopaswa, kuhusu homa, dawa anazotumia na vitu vinavyomdhuru, kisha nikapandisha mkono wa shati. Nikachoma.

Na alizimia, Shangazi. Alizimia kweli! Alipauka, macho yakapanda juu, akalegea. Nikabonyeza pedali ya kiti, miguu yake ikapanda juu, nikamshika mapigo, nikamwita Rozenn. Kabla Rozenn hajafika Baba alikuwa ameshafumbua macho.

"Nimeanguka?"

"Hujaenda popote."

"Vizuri," akasema. "Na ile nyingine, ya mafua? Maliza kabisa, mkono wa pili upo."

Nikamchoma. Safari hii alipiga miayo tu.

Nilimlaza pale mpaka rangi ilipomrudia, nikampa maji, nikampeleka mwenyewe chumba cha kungojea akae nimtazame kidogo. Youenn na wenzake wawili, wafugaji chaza kama Baba, walikuwa wamejaa pale. Nilijua Baba atanyamaza. Badala yake alisimama katikati ya chumba akasema kwa sauti ya kunadi, "Nimechanjwa mikono yote miwili, na nimezimia. Nani anacheka?"

Hakuna aliyecheka. Youenn alikuna kidevu, akauliza, "Yaani mtu anazimia akiwa amelala tu?"

"Amelala kabisa. Hata kofia haikudondoka."

"Aziliz," Youenn akaniita kwa sauti ndogo, mwanamume mrefu vile, "una nafasi leo?" Kumbe na yeye! Na wale wawili pia! Baba sasa ndiye mpiga debe wangu. Anawaleta wenzake kwa gari lake, anasimama karibu na kiti akiwahakikishia kwamba hakuna pa kuangukia.

Kinga huhitaji wiki mbili kujengeka, kwa hiyo Baba alingoja, akikaribia kuniua kwa simu. Leo zimetimia. Amefika kwa Tanguy kabla ya kengele za kanisa, amenyoa ndevu, amevaa koti lake la maziko. Hakuomba msamaha, unamjua. Alimwambia Perrine tu, "Ulikuwa na haki, mwanangu, na mimi nilikuwa na woga." Perrine akamkumbatia, kisha akampa mtoto.

Shangazi, laiti ungeona. Mikono ile inayofungua chaza bila kuangalia ilimpokea kama yai bichi. Maden akafungua jicho moja, akamtazama babu yake, akalala. Tumekula, tumenywa kahawa, tumeosha nusu ya vyombo, Baba bado amesimama palepale karibu na dirisha, upande wa ndani. Nikamuuliza kama mkono haujachoka.

"Umechoka zamani," akasema. "Usimguse."

Msalimie sana Réal, na mabinti zako wote wawili. Tanguy, Perrine na Rozenn wanakusalimu. Baba anasema atakupigia mwenyewe, ila jifanye hujui la jeshini. Mungu alilinde goti lako na barafu, na akulete nyumbani wakati wa Pasaka umshike Maden, ukishapita kwanza kwenye kiti changu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Aziliz