Mlango Haumli Mtu

Mafinga,
Jumapili mchana.

Mdogo wangu Veronika,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi ya wenzetu, ambayo haina tofauti kubwa na ya kwetu isipokuwa inanuka mbao. Hujambo? Koo lako limepona, au bado unakohoa ukilala? Baba na Mama wape shikamoo zangu, kila mmoja mpe yake peke yake, usiwajumlishe. Mimi nipo. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Siumwi popote.

Ujumbe wako niliupata nikiwa kazini, mikono imejaa vumbi la mbao, nikausoma kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Uliandika, "Kaka, nimechaguliwa chuo cha ualimu. Baba amesema nikuulize wewe uliyewahi kufika, niende na nini." Nilirudisha simu mfukoni nikaendelea kupanga mbao. Mwenzangu akaniuliza kuna nini nyumbani, nikamwambia mdogo wangu amechaguliwa chuo. Akanipa hongera, nami nikasema asante. Jioni, wakati naosha mikono, ndipo nikaona kwamba Baba amenitaja. Tangu niondoke hajawahi kunitaja, au kama amenitaja, hakuna aliyeniambia.

Hongera sana, mdogo wangu. Ningependa kukuambia nimefurahi mpaka nikaruka, lakini sitakudanganya. Najua ni furaha, kama mtu anavyojua chai ni ya moto kwa kuona moshi. Kuisikia bado. Nina ganzi siku hizi, Vero, na siyo ya mikono tu. Ya mikono naielewa, maana kibanzi kinaweza kuingia kidoleni asubuhi nikakiona saa ya kula. Hiyo nyingine sioni ilipoanzia, au labda naona, ndiyo maana naandika.

Sikukupigia kwa sababu simu ya nyumbani ni ya wote, na Mama akiipokea anaweka sauti kubwa hata kuku wanasikiliza. Haya nataka uyasome kwanza wewe. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao anayekwenda Babati, yeye ataikabidhi kwenye basi la Haydom, na shangazi ataipokea pale anapouza chai kwa wanaokuja hospitali.

Umeuliza uende na nini. Nenda na kufuli mbili, moja ya sanduku na moja ya akiba. Nenda na vivuli vya vyeti vyako na picha ndogo za kutosha, maana kila dirisha litataka yake. Shuka mbili. Blanketi moja jepesi, hilo zito la Mama liache, huko hakuna baridi ya kwetu Masieda. Sufuria kubwa usibebe hata Mama akilia. Mimi nilibeba sufuria ya kupikia watu wa kilimo, nikaishia kufulia nguo humo. Na vitunguu saumu vya shangazi vishukuru, halafu uviache nyumbani. Nilivifungia kwenye tranka pamoja na mashati, na muhula mzima nikinyoosha mkono kujibu swali, darasa zima linajua ni nani.

Nakumbuka ile asubuhi stendi ya Mbulu. Tranka imefungwa kwa kamba ya katani, unga, maharage, chupa ya samli, mimi katikati yake nimevaa koti la Baba. Jioni iliyotangulia wazee walikuwa wameniombea nyumbani, nasi tukaitikia. Kila kitu kilikuwa kimeandaliwa. Kama leo ningemkuta Paskali yule pale stendi, nisingefungua hata tranka yake. Ningemwuliza swali moja tu. "Wewe, ukifika mbele ya mlango uliofungwa, utafanya nini?" Naye angenijibu kwa adabu zote, "Nitangoja waniite."

Hilo alinifundisha Baba kabla wewe hujazaliwa. Alinichukua tukaenda kwa jirani kuomba maksai wa kulimia. Tulipofika tukasimama mwisho wa uwanja, pale zizini, mbali na nyumba. Baba akakohoa kidogo, akangoja. Nikamwambia, "Baba, si tuingie?" Akasema, "Nyumba ya mtu haivamiwi. Simama waone umekuja kwa amani, watakuita wenyewe. Na wakishakuita usianze na shida yako. Ngoja waulize." Kweli wakatoka, wakatuita, tukapewa maziwa, tukaulizwa habari za mvua na za watoto, mwishowe wakauliza tumekuja na neno gani. Maksai tukapewa. Nilijiona nimejifunza dunia nzima.

Sasa chuoni kwangu, kile cha utabibu. Mwaka wa kwanza, kabla ya mtihani wa mwisho, walibandika alama za majaribio ubaoni. Somo moja, mbele ya jina langu palikuwa na kistari. Jaribio nilikuwa nimefanya, na vizuri. Chini waliandika kwamba mwenye tatizo amwone mwalimu wa somo, na asiye na alama hataruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Nikaenda kumwona.

Nilisimama ng'ambo ya korido, nimeegemea ukuta, mahali ambapo mtu akitoka ofisini lazima anione. Mwalimu akaja. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Akaingia, akafunga mlango. Nikabaki nangoja swali linalofuata. Kwetu mtu mzima akikukuta umesimama kwake hawezi kukupita bila kuuliza umekuja na nini. Yeye alipita hivyo hivyo akienda kula, akapita akirudi, na kila mara tulisalimiana vizuri kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani napenda kusimama pale.

Kesho yake nikarudi, na siku iliyofuata. Wenzangu walikuwa wanakuja, wanagonga, wanaingia, wanatoka. Nikawaona hawana malezi. Mmoja wao ni Chacha, kijana wa Tarime tuliyelala naye chumba kimoja, ambaye aliingia kila mahali kama anaingia jikoni kwao. Akanikuta ukutani.

"Wewe Mmbulu, umeajiriwa kulinda hii ofisi?"

"Namngoja mwalimu."

"Si yumo ndani?"

"Najua."

"Sasa gonga. Mlango haumli mtu."

Nikamwambia mwalimu ameshaniona, ataniita. Chacha akacheka, akagonga, akaingia na shida yake, akatoka imekwisha. Nilimhurumia moyoni. Nilisema, maskini, kwao hawakumfundisha.

Orodha ya wanaofanya mtihani ilipobandikwa, jina langu halikuwepo. Siku hiyo mlango wa ofisi kubwa ulikuwa wazi na mama mmoja wa humo akaniita mwenyewe, "Njoo mwanangu, una nini?" Nikamweleza. Akatazama tarehe, akatikisa kichwa.

"Muda umeisha. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa nje."

"Nje wapi?"

"Nje hapo, ukutani."

Aliinuka, akaja mpaka mlangoni, akautazama ule ukuta, akanitazama mimi. Akasema taratibu, "Ungegonga, baba." Yakabaki mambo mawili. Nirudie mwaka kwa ada nyingine, au niende nyumbani. Na wewe unajua zizi letu lilikuwa limebaki na nini baada ya ng'ombe kuuzwa kwa ada ya kwanza.

Nikarudi nyumbani, na habari zilikuwa zimenitangulia. Wewe ulikuwa shule, Mama yuko mnadani, ndiyo maana hakuna aliyewahi kukusimulia. Nilisimama mwisho wa uwanja, pale zizini, tranka miguuni, nikakohoa. Baba akatoka. Tukatazamana. Nikasema, "Shikamoo, Baba." Sijui kama ilimfikia, upepo ulikuwa mwingi. Akasimama kidogo, halafu akageuka, akarudi ndani.

Nikaendelea kusimama. Hakunifukuza, Vero, hilo ulijue ukisikia watu wanasema. Hakunifukuza, wala hakuniita. Kivuli cha nyumba kikatembea mpaka kikagusa zizi. Mbwa Simba akaja akanilamba mkono, akalala juu ya tranka. Nilijaribu kuona uchungu, sikuuona, nikaona tu kwamba mguu mmoja umekufa ganzi kwa kusimama. Nikainua tranka. Shangazi wa Haydom alinipa chai na mahali pa kulala, hakuuliza kitu, kisha akaniunganisha na mtu wa mbao wa huku. Nikaja. Miaka imepita. Ganzi ya mguu iliisha siku hiyo hiyo.

Nimefikiri sana hapa kwenye mbao. Kazi yangu ni kuzipanga zikauke, na kati ya ubao na ubao unaweka vijiti upepo upite, usipoweka zinaoza zikiwa zimelala vizuri kabisa. Ni kazi ya kimya, mtu unafikiri. Labda Baba alirudi ndani kuniletea kigoda. Labda alikwenda kukaa kitandani. Labda naye alikuwa anangoja niseme neno. Mimi alinifundisha kungoja kuitwa, yeye sijui kama kuna aliyemfundisha kuita. Na mtu huyo, kanisani, mnadani, kwenye misiba, watu wote wanamwita Baba Paskali. Miaka yote hii anaitwa kwa jina langu, na anaitika.

Basi, Vero, nakuogopea wewe. Wewe na mimi ni wale wale. Nakumbuka ulivyovunjika kidole shuleni ukanyamaza mpaka jioni, Mama alipokuuliza ukasema, "Sikutaka kumsumbua mwalimu." Huko unakokwenda hakuna Mama wa kukuona ukila kwa mkono wa kushoto. Wasalimie wakubwa, shikamoo usiiache, haijawahi kumharibia mtu mwaka. Lakini ukishaitikiwa usifunge mdomo. Sema hapo hapo, "Mwalimu, nina shida." Wakikucheka matamshi yako, cheka nao kidogo halafu maliza sentensi yako. Jina lako lisipoonekana, gonga. Wasipoitikia, gonga tena. Wakikuambia rudi kesho, kesho uwe wa kwanza. Na mtafute Chacha wako. Kila chuo kina Chacha. Huyo wangu sasa anatibu watu kwenye zahanati ya kijijini kwao, na Krismasi hunitumia salamu.

Mama mwambie baridi ya huku naiweza na sweta lake bado nalivaa. Shangazi mshukuru kwa kufikisha barua hii, na kwa ile chai. Bibi mzaa Baba mpe shikamoo ukiwa umemshika mkono, masikio yake najua. Katekista wetu mwambie bado nasali, ingawa nasali kama mtu anayesoma tangazo. Mdogo wetu wa kiume mwambie awaswage ng'ombe mapema, asingoje kuambiwa.

Baba sina salamu ya kumtumia kwa karatasi zaidi ya ile shikamoo ya juu. Nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Jumamosi kabla hujaondoka nitafika, nikubebee hilo sanduku mpaka chuoni, nikuoneshe mlango ulivyo. Usimwambie Baba atoke kunipokea. Usimwambie Mama aje kunishika mkono. Sitasimama zizini. Nitapita zizi, nitapita uwanja, nitafika mlangoni na kugonga, na nisipoitikiwa nitagonga tena. Nikiandika haya nasikia kibanzi kinaniuma kidoleni, na sijui mara ya mwisho kibanzi kiliniuma lini.

Simba mlisema alikufa. Huyo mbwa wa sasa mfungeni mapema, maana hanijui.

Ni mimi kaka yako,
Paskali.