Mmoja Tu, Ni Huyu

Bwera, 9 Februari 2025

Anselme,

Salamu. Huku tuko wazima, kama bado unataka kujua. Mguu wangu unavimba jioni, na maharagwe ya Kitswamba yamekuja na mchanga mwingi kuliko maharagwe. Na wewe, unapumua?

Barua hii nampa Mackline muuza samaki, kwa kuwa kila wiki anapita Kasese akienda Kahendero kununua samaki. Usiniambie nipige simu. Simu ina masikio, nimekwambia tangu tuvuke mpaka kutoka Kongo, na wewe ulicheka.

Mackline anasema alikukuta mchana kweupe umejifungia ndani, kitu masikioni, akabisha hodi mpaka mkono ukamuuma. Nikamwuliza, kwani alikuwa anafanya nini? Akasema, "Anasikiliza batu beko banasema." Nilibeba magunia usome, kumbe ulisoma ili ukae chumbani kama mwali, usikilize watu wanasema! Hata hapa sokoni watu wanasema kutwa, na hakuna anayeita hiyo kazi.

Niko peke yangu kwenye meza hii. Ukiona aibu kuuza maharagwe, sema hivyo, usijifiche nyuma ya kompyuta.

Mama Kambale

*

Kasese, 16 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Uukande kwa maji ya moto ya chumvi, ingawa najua hutafanya kwa sababu nimesema mimi. Mimi sijambo, joto tu la Kasese linatutesa.

Umeuliza kazi yangu. Hukuuliza, umeikejeli, lakini nitakujibu. Niko mafunzoni na watafiti walio ng'ambo. Wanachunguza maisha ya watu waliovuka mpaka. Asubuhi nachota maji, nakunywa chai ya rangi, nakaa dirishani maana mtandao haufiki kitandani. Nafungua rekodi ya mtu aliyehojiwa, nasikia maneno matatu, nasimamisha, naandika. Narudisha nyuma, nasikia tena. Mtu akilia, naandika kwamba analia. Mbuzi wa jirani akilia, nasubiri. Jina la mtu nalitoa, naweka namba. Mchana wetu kwao ndiyo kwanza kunakucha, basi Clare, msimamizi wangu, anatokea kwenye kioo cha kompyuta, nami nimevaa shati la kanisani juu na kaptura chini. Umeme ukikatika naomba radhi kana kwamba ni mimi niliyeukata. Jioni masikio yanavuma, na mwili hauna uchafu wowote wa kuonyesha kwamba umefanya kazi. Ndiyo hayo. Wakiniona nafaa, watanichukua niende kuisomea.

Sasa na mimi nina swali. Mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Kwetu hata jina lenyewe linasema: Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale ni wa pili. Paluku ni mimi. Wenye bunduki walimchukua Kambale njiani kule upande wa Beni, nami nilimlilia kama wewe. Lakini tangu siku hiyo umejiita Mama Kambale, na Bwera nzima inakuita hivyo, na wapo wanaodhani mimi ni mpangaji wako. Nimevumilia. Sasa nasema: nimechoka kuwa mtoto asiyetajwa. Nitaje tu, hata kwa matusi, na nitakuja kubeba magunia kila Jumamosi.

Mwanao wa kwanza,
Anselme Paluku

*

Bwera, 2 Machi 2025

Anselme,

Salamu zako zimefika. Mguu ni wangu, niachie.

Kwa hiyo wewe unasikiliza siri za watu na kuziandika. Padri naye anasikiliza, lakini yeye anasamehe na kunyamaza. Wewe unapeleka ng'ambo.

Na hao wenzako wamefika mpaka hapa. Wiki iliyopita alikuja msichana wa Mbarara, anaitwa Nabasa, na kamashine kake ka kunasa sauti, akatugawia sabuni. Akaniuliza hiki na kile. Ana adabu kukushinda. Nilimjibu nilivyotaka.

Jina langu usiliguse. Mtu huitwa jina analoweza kulibeba. Magunia nayo sikukuomba uyabebe kwa masharti.

Mama Kambale

*

Kasese, 6 Aprili 2025

Kwako Mama,

Shikamoo. Salamu nimeziweka kwa sababu ulinifundisha kusalimu, si kwa sababu ninazo moyoni.

Rekodi za Nabasa zimeletwa kwangu. Nilifungua moja nikasikia mama mmoja akikohoa kabla ya kujibu, na kikohozi hicho nimelala nacho nyumba moja tangu nizaliwe. Kanuni yetu inasema ukisikia sauti ya mtu unayemjua, simamisha hapo hapo, irudishe. Sikusimamisha.

Nabasa akauliza, "Mama, una watoto wangapi?" Ukajibu, "Iko mumoja tu. Kambale." Akauliza tena, huyo pekee? Ukasema, "Huyo pekee. Mungu alinipa mumoja."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nilirudia kama ninavyorudia neno lisilosikika, wakati kila neno lilikuwa wazi. Munande yeyote, mtu wa kwetu, angekuuliza: kama huyu ni Kambale, Paluku yuko wapi? Yule wa Mbarara hakujua, akaendelea na swali la bei ya mafuta ya mawese. Umenizika, Mama, kwa kipande cha sabuni.

Basi nimekusahihisha. Kanuni ya pili inasema andika kilichosemwa, usiongeze. Niliongeza. Chini ya jibu lako nimeandika: ana watoto wawili, wa kwanza wa kiume yuko hai, anaishi Kasese, ana kazi. Nimeshapeleka. Huko ng'ambo angalau kuna karatasi inayonijua.

Paluku, upende usipende

*

Bwera, 7 Aprili 2025

Anselme,

Mackline nimempakia kwenye bodaboda leo hii, hana samaki wa kununua. Soma umekaa.

Mpumbavu wewe. Umejiandika kwa mkono wako mwenyewe.

Wewe wasema Kambale alikamatwa njiani. Ndivyo nilivyokwambia. Sikiliza sasa, si kazi yako kusikiliza? Walikuja nyumbani asubuhi, nachambua maharagwe mlangoni. Wewe ulikuwa na homa, umelala nyuma ya magunia, hujijui. Mmoja alikuwa na karatasi mkononi. Akaniuliza, "Mama, uko na batoto bangapi? Bavulana?" Kambale alikuwa amesimama pale pale na beseni, wameshamwona. Nikasema, "Iko mumoja tu. Ni huyu."

Kisha ulimi ukaniponyoka. Nikamwita jina. Nikasema, "Kambale, weka beseni chini." Nilikaribia kukutaja na wewe, kwa sababu mtu wa kwetu angesikia jina hilo na kuuliza kaka yake yuko wapi. Lakini hawakuwa watu wa lugha yetu. Kambale ndiye aliyeelewa. Aliangalia magunia, akaniangalia mimi, akaweka beseni chini. Akaenda nao. Alikuwa amejua nimechagua.

Sikuchagua kwa sababu nakupenda wewe zaidi. Usijivune. Yeye walikuwa wameshamwona, wewe bado. Na tangu siku ile, mtu akiniuliza idadi ya watoto, awe na bunduki, awe na sabuni, jibu langu ni lile lile. Namtaja yule ambaye hawawezi kumchukua tena. Unalia hukutajwa? Asiyetajwa ndiye anayekula ugali leo.

Na jina ulilolishupalia ni deni langu kwake. Nilimtoa mimi. Kila anayepita mezani akisema "Mama Kambale, bei gani?" mwanangu anaitwa mara moja zaidi. Hilo hutaninyang'anya.

Futa ulichoandika. Sijali karatasi iko nchi gani. Karatasi zinatembea. Usiniombe msamaha, sina muda nao, na mimi sikuombi.

Mama Kambale

*

Kasese, 11 Aprili 2025

Kwa Mama Kambale,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi nipo. Homa sina.

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyoamuru, kisha nikamtafuta Clare.

Karatasi ilikuwa mikononi mwa Clare. Ili anirudishie, ilibidi nimweleze kwamba niliongeza maneno yangu, na kwamba sauti ile ni ya mtu ninayemjua. Hakuuliza ni nani. Akairudisha, akaniangalia kwenye kioo nikifuta. Sasa imeandikwa kama ulivyosema: mmoja. Nilisoma mstari huo kwa sauti kabla ya kufunga. Halafu akaniambia, kwa upole, kwamba mafunzo yangu yanaishia hapo. Nilivua shati la kanisani nikalikunja.

Bado nina hasira na wewe. Ulipaswa kuniambia mapema. Nimemkasirikia Kambale miaka yote hii kwa kuchukua nafasi yangu, kumbe ni mimi niliyelala ndani ya nafasi yake.

Jumamosi ijayo nakuja Bwera na gari analopanda Mackline. Nitabeba magunia, sharti sina. Wakiniuliza pale mezani mimi ni nani, nitasema nimekuja kununua maharagwe, na nitakuita jina lako kwa sauti, soko lote lisikie.

Mteja wako